Skrubu Ishirini na Nne

Inspekta Twalibu Mfaume aliisoma ile taarifa mara ya tatu, akiwa amesimama ndani ya banda la mizigo la stesheni ya Kaliua, na ni mara hiyo ya tatu ndipo jasho lilipomtoka.

Ilikuwa taarifa fupi, nusu ukurasa, iliyopigwa chapa Tabora. Ilisema kwamba kompyuta ya Kitengo cha Orodha ya Vijiji, mashine iliyokwisha kutumika miaka sita na ambayo sasa ilikuwa ikihamishiwa Kigoma, "imekutwa imevunjika ndani ya sanduku kutokana na hujuma ya mfungaji." Mfungaji alitajwa kwa jina: Mabruki bin Feruzi, fundi masanduku, mkazi wa Kanyenye. Chini palikuwa na sahihi ya mkuu wa kitengo, Ndugu Gervas Kapaya, na siku iliyoandikwa: Jumatatu.

Leo ilikuwa Jumatano. Na sanduku lile, hapo mbele ya macho yake, lilikuwa halijafunguliwa.

"Stesheni masta," alisema, "nani amelifungua sanduku hili tangu lishuke?"

Humaidi bin Nabhan, mzee mwembamba aliyevaa kofia ya reli iliyopauka, alishangaa kuulizwa. "Hakuna, Inspekta. Jumatatu, treni ikiwa njiani, nilipigiwa simu kutoka Tabora kwamba lishushwe, lisiendelee, lisubiri polisi. Nikalishusha. Tangu hapo yule dada aliyekuja nalo amelikalia kama kuku anayeatamia. Mke wangu ndiye anayemletea chakula humu humu."

Swali lililofuata lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wa Twalibu. Kama hakuna aliyelifungua, aliyeandika kwamba mashine imevunjika aliiona wapi? Akalimeza. Hatua tatu nyuma yake alisimama Ndugu Kapaya mwenyewe, mikono nyuma, akitabasamu.

Twalibu alikuwa amefika hapo kwa Landrova ya Kapaya. Kapaya ndiye aliyeendesha, saa nne nzima porini, akisimulia habari za mipira. Nyuma walikaa mgambo wawili wenye bunduki, na katikati yao Mzee Mabruki, kimya, magoti yakigongana kila gari lilipoingia shimoni. Twalibu hakuwa na silaha. Alikuwa na kalamu, daftari la maelezo na lakiri ya polisi mfukoni. Tena alikuwa na jambo moja alilolijua vizuri kuliko alivyopenda: mwaka uliopita mwalimu mmoja wa Urambo alimbishia Kapaya hadharani kuhusu idadi ya watu waliohamishwa. Mke wa mwalimu huyo, Benedikta, alikuwa bado akija kituoni kila mwisho wa juma kuuliza mumewe aliko. Twalibu ndiye aliyekuwa akimjibu kwamba hajui.

"Tufungue, Inspekta," alisema Kapaya. "Uandike unachokiona, mzee atie dole gumba, turudi na mashine Tabora kabla mvua haijanyesha. Kazi ndogo."

"Tutafungua," alijibu Twalibu. "Ila utaratibu unataka mfungaji alitambue kwanza sanduku lake. Mzee Mabruki, sogea."

Mabruki alisogea. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Babu yake alikuwa mfunga mizigo wa misafara iliyopita hapo hapo kwenda Ujiji, enzi za mguu, na watu wa Kanyenye walisema mzigo aliofunga mtu wa ukoo ule ungeweza kutupwa kutoka juu ya mnazi usivunjike.

"Shikamoo, mzee," Twalibu alisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mwanangu." Mabruki hakumtazama. Alikuwa akilitazama sanduku, na uso wake ulianza kubadilika. Alipiga magoti, akapitisha kidole juu ya kila skrubu ya mfuniko, moja baada ya nyingine, kama anayesoma tasbihi.

"Ni lako?"

"Mbao zangu. Mninga mkavu, nimeupiga randa mwenyewe. Mfuniko una skrubu ishirini na nne." Kidole chake kikasimama.

"Sema, mzee."

"Mimi kila skrubu naichovya kwenye nta ya nyuki kabla sijaiingiza. Mninga mgumu, bila nta skrubu inakatika shingo. Nta ikibaki juu naifuta kwa kidole, inakaa kwenye tundu inang'aa. Angalia hizi." Alianza upande wa kulia, kisha akahamia wa kushoto. "Hizi kumi na sita zina nta yangu. Hizi nane za upande huu tundu zimechubuka, nta imetoka, bisibisi imeteleza. Mtu amezifungua akazirudisha. Na ana haraka, au hajui kazi."

Kapaya alicheka. "Mshitakiwa anajipelelezea mwenyewe!"

Twalibu aliandika: *Nane kati ya 24 zimechezewa.* Herufi zilitoka zimepinda. Alijua mgambo mmoja alikuwa akiutazama mkono wake.

"Fungua," alisema.

Kila skrubu ilipotoka Mabruki aliiweka katika kofia yake, kwa mpangilio, zilizochubuka mbali na nzima. Mfuniko ulipoinuliwa, harufu ya usufi na mpira ilipanda. Twalibu hakuwahi kuona mzigo uliofungwa hivyo. Mashine ilikaa juu ya vipande vya tairi ili isipokee mtikiso wa reli. Ilikuwa imevikwa nailoni isiingiwe na unyevu, juu ya nailoni blanketi, na kati ya blanketi na mbao kulikuwa na mito ya usufi iliyoshonwa kwa vipimo, pembeni minene, katikati myembamba. Hakuna kitu kilichogusa mbao. Hakuna kitu kilichoweza kwenda huku wala huku.

Isipokuwa upande wa kushoto. Hapo mto mmoja ulikuwa umechanwa na kurudishwa kinyume, na usufi umetapakaa.

"Huo si mkono wangu," alisema Mabruki polepole. "Wallahi, huo si mkono wangu."

"Ndugu Imakulata," Twalibu aliita.

Dada aliyekuwa akilikalia sanduku siku mbili alitoka nyuma ya mizani. Alikuwa opereta wa mashine, mwanamke wa miaka kama thelathini, gauni la kijani lililokunjamana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakumtazama Kapaya hata kidogo. Alipiga magoti mbele ya mashine, akaingiza mkono pale mto ulipochanwa, akapapasa.

"Skrubu ya safari haipo," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Ndani kuna vichwa vya kusomea, vyembamba kama sindano. Vinaelea juu ya sahani za sumaku, kumbukumbu zote ziko kwenye sahani hizo. Mashine ikisafiri, lazima vichwa vifungwe kwa skrubu moja ndefu, nyekundu. Niliifunga Ijumaa mimi mwenyewe, Mzee Mabruki akishuhudia, ndipo akafunga sanduku. Ikitolewa, vichwa vinacheza. Kila gari linapotikisika vinakwangua sahani. Mpaka Kigoma hakibaki kitu."

"Mnaona?" Kapaya alisema. "Mzee kaitoa. Ndiyo hujuma yenyewe. Andika, Inspekta."

Imakulata alitoa ufunguo mdogo shingoni, uliokuwa umefungwa pamoja na msalaba wake, akafungua kifuniko cha chuma kilichokuwa katikati ya mashine. Wote wakainama kutazama.

Mlikuwa mtupu.

"Sahani ziko wapi?" Kapaya alifoka.

Sauti yake iligonga bati la banda ikarudi. Imakulata aliubana msalaba wake kiganjani, na Twalibu akaona kwa mara ya kwanza kwamba dada huyu alikuwa akiogopa kuliko yeye, na kwamba alikuwa amefungua kifuniko kile kwa makusudi, ili polisi aone mtu gani atauliza.

"Nitachukua maelezo ya opereta," Twalibu alisema haraka. "Peke yake. Ndiyo sheria. Ndugu Kapaya, wewe nitakuandika baadaye."

"Dakika tano," Kapaya alisema. Hakuwa akitabasamu tena.

Walisimama nyuma ya magunia ya mahindi, mwisho wa banda. Twalibu alifungua daftari, akaanza kuandika maneno yasiyo na maana ili kalamu ionekane ikienda.

"Ziko wapi?"

"Kwa mama Mwanajuma, mke wa stesheni masta. Jikoni. Nimezifunga kwa khanga ndani ya sufuria kubwa." Alisema kwa mnong'ono, midomo haichezi. "Kanuni ndiyo hiyo, Inspekta. Sahani hazisafiri ndani ya mashine. Zinasafiri peke yake, mkononi, mbali na joto. Kwenye kitabu cha mashine imeandikwa. Yeye hajawahi kukisoma. Alidhani zimo."

"Kuna nini humo?"

Aliangalia kwanza kama kuna anayesikia. "Mwamko."

Twalibu alilijua jina hilo. Kijiji kipya, upande wa kusini wa reli, ndani ya pori la ndorobo, wale mbung'o waletao malale. Kilitajwa kwenye mikutano kama mfano: kaya mia mbili, kisima, zahanati.

"Hakuna kisima," alisema Imakulata. "Walishushwa na malori mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza, hakuna hata turubai. Kipindupindu kikaingia. Katibu wa kijiji alikuwa ananiletea majina ya waliokufa, kila wiki, niyatoe kwenye orodha. Nikayatoa. Kesho yake nikakuta yamerudi. Nikayatoa tena. Ndugu Kapaya akaniita, akaniambia Mwamko hakufi mtu. Kila jina lirudishwe, liandikwe *mzima*. Mia moja na tisa, Inspekta. Watoto sitini na mmoja. Kwenye mashine wanalima."

"Na Kigoma?"

"Kigoma wanasubiri wakaguzi kutoka makao makuu. Watalinganisha orodha na vichwa vya watu. Na mashine inaweka kumbukumbu ya kila aliyebadilisha jina, siku na saa. Ndiyo maana alitaka zikwanguliwe. Halafu akaogopa labda kuna kitakachosomeka, akasimamisha sanduku hapa ili aichukue mwenyewe."

Mvua ilianza kudondoka juu ya bati, matone mazito, machache. Twalibu aliwaza juu ya barabara ya kurudi Tabora. Aliwaza juu ya Landrova, na yule mwanamke wa Urambo anayekuja kituoni kila mwisho wa juma.

"Treni ya Kigoma inapita saa ngapi?"

"Saa kumi."

Saa yake ilionyesha saa tisa na dakika tano.

Alifunga daftari. Aliporudi kwenye mwanga alizungumza kwa sauti ya ofisini, ile inayowachosha watu. "Mimi si fundi wa kompyuta. Siwezi kuandika kwamba kitu kimevunjika kama sijui kikiwa kizima kinafananaje. Wataalamu wako Kigoma. Sanduku ni kielelezo cha polisi kuanzia sasa. Litafungwa upya, litatiwa lakiri, litaendelea na treni ya saa kumi pamoja na opereta. Mzee Mabruki, funga kama ulivyofunga mwanzo. Ukihitaji usufi au kitambaa, stesheni masta atakutafutia. Konstebo wa hapa atasimamia."

"Sahani hazimo!" Kapaya alisema. "Unapeleka sanduku tupu?"

"Nafuata utaratibu. Za kutafutwa zitatafutwa. Wewe karibu ofisini nikuandike."

Kapaya alimgeukia mgambo mfupi. "Nenda nyumba ya stesheni masta. Pekua mizigo ya huyu mwanamke. Kila kitu. Hata kitanda." Akamwambia yule mrefu, "Wewe kaa mlangoni pangu."

Wakati wakitoka, Twalibu alipita karibu na Humaidi, akajifanya anaangusha kalamu. Mzee alipoinama kumwokotea, Twalibu alimwambia maneno matano: "Sufuria ya jikoni iletwe bandani."

Ofisi ya stesheni masta ilikuwa chumba kimoja chenye meza, simu ya kukoroga na dirisha lililoelekea njia ya miguu. Twalibu alichagua kiti kinachotazama dirisha. Kapaya alikaa mbele yake, mguu juu ya mguu.

"Jina kamili."

"Unalijua."

"Naandika anachosema mtoa maelezo."

"Gervas Kapaya."

Kutoka bandani ulisikika mlio wa bisibisi ikiuma kwenye mninga, mkavu, kama jongoo anayekanyagwa. Kisha kimya. Kisha tena. Moja, Twalibu alihesabu. Mapema mno. Mzee anakaza mbao za ubavuni, bado mfuniko.

"Umri."

"Arobaini na mbili."

"Dini."

"Inspekta, unanichezea?"

"Fomu ina mstari wa dini."

Dirishani alipita mgambo mfupi, akishuka kuelekea nyumba ya Humaidi, bunduki begani. Na kutoka upande wa pili, akipanda, alitokea Mwanajuma, mke wa stesheni masta, mwanamke mnene aliyejifunga khanga mbili. Kichwani alibeba sufuria kubwa yenye mfuniko, juu yake bakuli la mboga. Njia ilikuwa nyembamba. Mmoja lazima ampishe mwingine.

Kalamu ya Twalibu ilisimama.

Mgambo aliinua mkono. Mwanajuma akasimama. Waliongea. Mgambo alinyanyua shingo, akanusa kama mtu mwenye njaa, akaonyesha sufuria kwa kidole. Mwanajuma akacheka kicheko kikubwa, akamwambia kitu, akamwonyesha banda. Pengine kwamba chakula ni cha wapakizi. Pengine kwamba cha kwake kiko jikoni. Mgambo akasita. Kisha akakaa kando kwenye majani, na mama yule akapita, shingo imenyooka, mkono mmoja tu umegusa sufuria.

"Umeona nini?" Kapaya aliuliza, akigeuza kichwa.

"Mvua. Inakaza." Twalibu alianza mstari mpya. "Dini, Mkristo?"

"Mkristo."

"Sasa taarifa yako. Uliiandika wewe?"

"Sahihi siyo yangu?"

"Naomba jibu."

"Niliiandika mimi."

"Siku gani?"

"Jumatatu. Imeandikwa."

"Saa?"

"Asubuhi. Saa mbili. Karani wangu aliipiga chapa nikiwa nimesimama naye."

Twalibu aliandika polepole, akisema kila neno kwa sauti wakati akiliandika. *Asubuhi saa mbili.* Treni ya Jumatatu iliondoka Tabora saa nane mchana. Kapaya alikuwa amekasirika mno kuona alichokitamka. Watu wengi aliowahoji Twalibu waliponzwa na uongo. Huyu alikuwa akiponzwa na mazoea ya kutoulizwa.

Bandani mlio wa bisibisi ulianza upya, na mara hii ulikuwa na mwendo. Sasa ni mfuniko. Tano. Sita. Saba.

"Sanduku lilikuwa wapi kati ya Ijumaa na Jumatatu?"

"Godauni letu. Lina kufuli."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi. Na... mimi."

*Ufunguo anao mtoa maelezo peke yake.* Kumi na moja. Kumi na mbili.

Mlango ulisukumwa. Mgambo mfupi aliingia, maji yakimtiririka. "Ndugu, hakuna kitu. Magauni mawili, mkate, rozari. Godoro nimelichana."

"Jikoni?"

"Jikoni masufuria tu, yote matupu."

Kapaya alisimama ghafla. Twalibu naye alisimama, akasukuma karatasi mbele yake. "Bado sahihi. Nisipopata sahihi yako leo, nitaandika kwamba ulikataa, na jalada litaanza na jina lako badala ya la fundi."

Kumi na nane. Kumi na tisa.

Kapaya aliangalia mlango, akaangalia karatasi. Alivuta kalamu, akasaini kwa hasira kiasi kwamba ncha ilitoboa. Mbali, upande wa Urambo, honi ya treni ililia.

Ishirini na nne. Kisha kimya, na kikohozi cha Mzee Mabruki.

Twalibu alitia lakiri mwenyewe, pembe zote nne, na vidole vyake viliungua asisikie. Mabruki alisimama karibu, akifuta nta mikononi. "Yule wa sufuriani, dada alivyonieleza, nimempasulia mto wa katikati," alinong'ona, "nikamlaza humo kama mtoto, chini tairi, juu usufi shibiri mbili. Hagusani na chuma popote. Kwa babu tulikuwa tunaita mzigo mwenye mimba."

Wapakizi sita waliinua. Behewa la gadi likafunguliwa, sanduku likaingia, Imakulata akaingia nyuma yake na konstebo wa Kaliua akafuata. Dada yule alikaa juu ya sanduku, akashika kingo zake kwa mikono miwili. Kapaya alisimama kwenye mvua akiangalia. Alikuwa akimwangalia Imakulata, mikono yake mitupu, gauni lake lisiloweza kuficha hata kitabu. Kisha macho yake yakashuka taratibu kwenye sanduku.

Treni iliserereka.

"Simamisha," alisema.

"Ina bendera ya kijani," Humaidi alijibu.

"Inspekta, nakuamuru usimamishe treni hiyo!"

"Kielelezo kimetiwa lakiri," alisema Twalibu. "Siwezi kukigusa bila hakimu."

Behewa la mwisho lilipita, likapungua, likamezwa na mvua. Kapaya alisogea mpaka Twalibu akasikia pumzi yake.

"Umeziweka humo," alisema kwa upole. "Sawa. Umefanya kazi nzuri. Sasa niambie, utarudi Tabora na nani? Treni ya kurudi ni kesho kutwa. Hapa kuna barabara moja na gari moja. Wewe na mzee wako mtapanda, au mtapandishwa." Akaenda zake, akaingia kwenye Landrova iliyokuwa imesimama ng'ambo ya reli, akawasha injini, akaacha mlango wa abiria wazi.

Twalibu aliingia ofisini. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Mabruki aliketi sakafuni akavuta uradi. Humaidi alisimama kando ya simu. Dakika thelathini na tano zilipita, na muda wote injini ile nje ilikuwa ikinguruma, na mgambo wawili wamesimama katikati ya reli na Landrova, bunduki mikononi, wakisubiri kuambiwa.

Simu ililia. Humaidi aliinyakua, akasikiliza, akarudia kwa sauti: "Usinge wanasema treni imefika na imeondoka. Lakiri nzima. Opereta mzima. Konstebo mzima. Kutoka hapo hakuna barabara mpaka mto, gari haliwezi kuifuata."

Twalibu alisimama. Aliweka maelezo yenye sahihi ndani ya shati, akatoka mvuani. Mabruki alimfuata bila kuulizwa. Walipofika kwa mgambo, yule mrefu alinyanyua bunduki, mtutu ukaelekea tumboni mwa Twalibu.

"Sogea, ndugu yangu," alisema Twalibu. "Naenda kumkamata yule bwana."

"Kwa kosa gani?"

Angeweza kusema kuharibu mali ya umma. Angeweza kusema taarifa ya uongo. "Kwa ajili ya Mwamko," alisema.

Maji yalitiririka kwenye ukingo wa kofia ya mgambo mrefu. Mwenzake alimtazama, kisha akatazama chini.

"Kwenye hiyo mashine," mgambo mrefu alisema baadaye, kwa Kiswahili kizito cha mtu anayeongea Kinyamwezi nyumbani, "majina ya Mwamko yamo?"

"Yamo yote."

"Mama yangu tulimpeleka kule na lori. Mwezi wa pili nilikwenda kumzika. Hakukuwa na jembe, tulichimba kwa sururu ya barabara. Humo mashineni wameandikaje?"

Twalibu hakutaka kumwambia. Lakini mdomo wa bunduki ulikuwa bado umemwelekea, na mtu huyu alistahili kujua.

"Wameandika mzima," alisema. "Wote wa Mwamko, wameandikwa wazima. Wanalima."

Mgambo alishusha bunduki, akageuka, akatembea kwenye Landrova, hana haraka. Kapaya alimwona akija, akamwambia kitu kwa sauti ya juu. Mgambo aliingiza mkono wake mrefu dirishani, akazima injini, akachomoa ufunguo, akautupa mbali kwenye majani marefu ya kando ya reli.

Mvua ikasikika peke yake. Twalibu alivuka reli.

"Ndugu Gervas Kapaya," alisema, "shuka. Uko chini ya ulinzi."